Hita Ndani ya Chungu cha Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Juni 1995

Gesi imekufa. Saa nne asubuhi, maji hayajachemka, wazee wanne wameshakizunguka chungu, mirija mkononi. Moto ukafanya puu! Ukazimika. Nikautikisa mtungi. Nikaulaza ubavu. Nikaukalia. Wapi!

Neli, mke wangu, akaniondoa juu ya mtungi. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mzigo wa kuni, akawasha moto mafigani. Baada ya dakika kumi alikuwa anakohoa na macho yamemwiva. Wazee wakapata maji yao moto. Mimi nikapata aibu yangu.

Sisi tunauza kimpumu. Ulezi ukishachacha unakuwa mzito kama uji wa mgonjwa, unakaa ndani ya chungu, unamiminiwa maji moto, watu wanauzunguka na kufyonza kwa mirija ya matete. Maji yakipoa, utamu umekwisha, na watu wanavuka barabara kwenda kwa Mama Aliko. Kwa hiyo biashara nzima ni maji moto. Nimemweleza Neli jambo hili mara nyingi. Hujibu kwamba analijua tangu hajaolewa.

Mtungi na jiko la gesi nilivipata mnadani miaka miwili iliyopita, wageni waliojenga barabara walipofunga kambi yao. Ni mwaka uleule ushirika uliponipunguza kazi, baada ya miaka kumi na minane ya kutunza ghala la mpunga. Nilimwambia Neli sasa moshi basi. Kumbe gesi yenyewe hujazwa Mbeya, na kondakta wa basi ameshaniambia hapakii bomu.

Lakini nina jambo kichwani. Nguzo ya umeme iko hatua thelathini tu kutoka uani kwetu. Ndani tuna taa mbili na redio. Umeme upo, unakaa bure mchana kutwa!

Jumanne, 6 Juni

Nimekwenda dukani kwa Husseini. Babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, yeye siku hizi anauza vya Dubai: pasi, redio za kaseti, saa zinazolia. Na hita! Chuma kilichojikunja, kina mkono wa plastiki na waya. Unaitumbukiza majini, maji yanachemka. Nikaipenda palepale.

Husseini akauliza ni ya nini. Nikasema maji ya kuoga. Akauliza ndoo ngapi. Nikasema kama madebe sita hivi. Akauliza tuko wangapi nyumbani. Nikasema wawili, kijana wetu Gwamaka yuko shuleni Tukuyu. Akanitazama. Akasema usafi ni jambo jema sana, na kwamba kitakachotiwa ndani ya maji hayo baadaye yeye hataki kukisikia.

Kisha akanipa masharti kibao. Hita isiguswe ikiwa imechomekwa. Mtu asitie mkono majini. Chombo kiwe ndoo ya plastiki. Nikaitikia yote, ndiyo mzee, ndiyo mzee. Tukabadilishana: yeye kachukua mtungi na jiko langu, mimi nikachukua hita. Sasa siwezi kurudi nyuma hata nikitaka.

Neli alipoiona aliishika kwa ncha za vidole. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia macho yake ndiyo yananifanya nihangaike. Ni kweli. Mama yake, mama mkwe wangu Jeni, ni mfinyanzi wa Lyulilo, kachoma vyungu maisha yake yote, na sasa haoni isipokuwa mwanga wa mlangoni. Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Mimi najua ni moshi. Sitaki Neli afike huko. Nililisema hili kwa sauti, na Neli akanitilia chai ya pili.

Jumatano, 7 Juni

Habari imefika na gari la asubuhi. Mama mkwe ana homa. Neli ameondoka mchana kwenda Lyulilo, atakaa siku chache.

Kabla hajapanda gari alinipeleka mbele ya chungu kama mwalimu na mtoro. Akasema kimpumu cha kutosha wiki nzima kimo kwenye mitungi ya nyuma, nisihangaike kupika. Kazi yangu ni maji. Niyachemshe pembeni, kwa kuni au kwa hita yangu, hilo hajali. Ila chungu kikubwa nikiache kama kilivyo. Nisikioshe, nisikihamishe.

Chungu hicho ni cha mwisho alichofinyanga mama yake kabla macho hayajafunga. Miaka kumi na moja hakijaona sabuni. Ndani kina ukoko mweusi, na ukoko huo ndio unaochachusha. Mama Aliko ananunua hamira dukani. Neli hajawahi. Anamimina ulezi, anafunika, anaondoka zake kwenye mazoezi ya kwaya. Wala hanywi! Tone halijagusa ulimi wake. Lakini watu wanatoka Makwale kwa ajili ya chungu kile.

Akanitaka niape. Nikaapa kwa kaburi la baba. Akasema hapana, niape kwa kitu ninachokiogopa. Nikaapa kwa jina lake.

Alhamisi, 8 Juni

Siku mbaya. Nimetia maji kwenye ndoo kubwa, nikatumbukiza hita, nikachomeka. Saa ya kwanza maji yakawa ya kuogeshea mtoto. Saa ya pili yakaanza kutoa mvuke. Wazee wanachungulia. Nikawaambia mambo ya kisasa yanataka subira. Mvuke ukaongezeka. Nikashika kata tayari kuchota. Mgao! Redio ikanyamaza, taa ikazimika, na yale maji yakaanza kupoa mbele ya macho yangu.

Wazee wakainuka mmoja mmoja. Mzee Nsajigwa alikuwa wa mwisho, kwa heshima. Huyu ndiye mteja wetu mkubwa, alifanya kazi migodini Zambia enzi za Mwingereza, akarudi na koti la sufu na mrija wa shaba. Hatumii matete ya watu. Mrija wake anautembeza mfukoni, umefungwa kwenye leso. Aliufuta, akaufunga tena, akasema atapita siku nyingine. Kisha akavuka barabara.

Mama Aliko alikuwa anapepea kuni zake kwa ungo na kucheka. Mjane yule ana kicheko cha kukukata maini. Nikaingia ndani na kufunga mlango.

Ijumaa, 9 Juni

Nimepata!

Nilikuwa nakunywa chai nikajiuliza: kwa nini nachemsha ndoo nzima ya maji pembeni, kisha nayamimina, kisha yanapoa, kisha nachemsha tena? Kinachotakiwa kuwa moto ni nini? Ni kimpumu. Basi moto ukae ndani ya kimpumu!

Nikarudi kwenye kiapo. Nisikioshe: sikioshi. Nisikihamishe: sikihamishi. Juu ya kutumbukiza hakuna aliyesema neno. Nikafikiri sana, sikuona kosa.

Waya haukufika. Nikauunga na waya wa redio ya zamani, maungio nikayafunga kwa mpira wa baiskeli kwa kuwa ile tepu nyeusi sina. Nikaitumbukiza hita katikati ya chungu, kimpumu kikafunika kila kitu, nikachomeka. Kwa muda mfupi tu kikaanza kufurukuta. Harufu kidogo ya kuungua, lakini ya kuvumilika.

Wazee watatu wakaja, wakatia mirija. Nilikuwa nimesimama mlangoni, roho juu. Mmoja akafyonza, akatoa macho. Akafyonza tena. Akasema kimpumu cha leo kimeamka! Wa pili akasema kinatekenya ufizi. Wa tatu ana jino bovu tangu mavuno ya mwaka jana, akasema jino limenyamaza kabisa. Wakaita wenzao. Mpaka saa kumi nilikuwa nimefungua mtungi wa pili wa nyuma.

Wananiuliza nimetia nini. Nikawaambia siri ya biashara.

Jumamosi, 10 Juni

Watu! Watu wa Ngonga, watu wa Talatala, baiskeli zimeegeshwa mpaka kwenye migomba ya jirani. Wanakaa kwa zamu. Mtu akifyonza, mwili unamsisimka kuanzia mdomoni mpaka mabegani, wenzake wanashangilia. Nimeandika kwa chaki mlangoni: KIMPUMU CHA KISASA. Kwa siku hii moja nilikuwa mtu tena, si yule karani aliyepunguzwa.

Mama Aliko alishindwa kuvumilia. Akavuka barabara na mrija wake, akafyonza mara moja, midomo ikamtetemeka. Akautoa. Akasema pale pana mkono wa mtu. Nikamwambia wivu utamuua.

Jioni, watu wameondoka, nilikuwa nafagia na miguu yangu imelowa. Nikainama, nikaugusa mrija mmoja uliobaki chunguni, nitoe takataka. Loh! Kama kungʼatwa na nyuki kumi mkono mzima. Nikakaa chini.

Nikaelewa. Sasa hivi ninavyoandika nimeshaelewa kila kitu, sina haja ya kujidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Husseini alisema mtu asitie mkono majini, na mimi nimewatia watu midomo.

Nilipaswa kuichomoa na kuitupa. Nilichofanya ni kutafuta kipande cha ubao cha kusimamia mimi ninapohudumia. Naandika hili na naona haya, lakini nilifanya.

Jumapili, 11 Juni

Hatufungui Jumapili. Nimekwenda kanisani, nikakaa nyuma. Kwaya imeimba bila Neli, ikapwaya.

Dereva wa gari la Lyulilo ameniletea barua ya Neli. Mama ana nafuu, ameanza kula samaki. Neli atarudi Jumanne. Anauliza kama chungu kiko salama, na kama nakula.

Nimeamua. Jumanne asubuhi hita inatoka, nawasha kuni, Neli anakuta mambo kama alivyoyaacha. Jumatatu moja tu. Watu wa Makwale wameahidi kuja kesho, siwezi kuwaangusha.

Jumatatu, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mzee Nsajigwa alikuja saa tano. Tangu Alhamisi jioni alikuwa Ngonga kwa binti yake, kwenye mavuno, kimpumu cha kisasa hakijui. Amesikia sifa tu. Watu wakampisha, wakampa kigoda cha mbele. Akatoa leso. Akaifungua. Akautoa ule mrija wa shaba, akaufuta, akauinua juu watu wauone, mzee anapenda madaha kidogo.

Nilikuwa nimesimama juu ya ubao wangu. Niliuona ule mrija. Nikajua. Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Kwamba wamekunywa umeme siku tatu? Nilisita kwa muda wa kumeza mate, na mzee akawa ameshautia mrija chunguni na kuinama.

Hakupiga kelele. Mkono ulijifunga kwenye mrija, hauachii. Mwili wote ukatetemeka, koti likatetemeka. Watu wakashangilia! Wakadhani amekipenda. Kisha akaenda nyuma na kigoda chake, mrija ukamfuata, chungu kikafuata mrija. Kikalala ubavu, kimpumu chote kikamwagika, hita ikabaki imelalia ukuta wa chungu, nyekundu. Nikasikia mlio mmoja tu, tak. Chungu kikagawanyika vipande vitatu.

Mimi sikufanya kitu. Nilisimama juu ya ubao. Aliyefanya ni Mama Aliko. Sijui aliingia saa ngapi. Alikuja na ukuni mkavu mkononi, akaupiga ule waya mpaka ukachomoka ukutani, akamburuta mzee kwa kola ya koti mpaka uani.

Nilidhani nimemuua. Macho yalikuwa wazi na hayatazami popote. Nikapiga magoti kwenye matope ya kimpumu nikamwita kama baba yangu, Tata, Tata Nsajigwa. Nikalia, tena kwa sauti, mbele ya watu wa Makwale. Baada ya muda akakohoa. Akauliza kama kengele ya zamu imeshalia. Nikamwambia imelia, Tata, kazi imekwisha. Akashukuru, ndaga.

Tumempeleka hospitali kwa baiskeli ya kukokota. Vidole vitatu vimeungua, moyo unakwenda vizuri. Muuguzi aliuliza kilichotokea. Mzee akajibu kwamba ni ajali ya mgodini. Sijui kama ndivyo anavyoamini au alikuwa ananistiri.

Jumanne, 13 Juni

Tangu alfajiri nimejaribu kuunga chungu. Gundi ya viatu haikushika. Nikakoroga saruji kidogo. Ilishika, nikakisimamisha mahali pake, upande wenye ufa nikaugeuzia ukutani, nikaweka kawa juu. Nikarudi nyuma hatua tatu kutazama. Kilionekana kizima. Nikajipongeza kidogo.

Neli alifika saa nane. Hakufika hata kwenye chungu. Alisimama mlangoni, akanusa, akaweka kikapu chini. Akauliza nani ameumia. Si kwamba kuna nini. Nani ameumia. Nikamwambia.

Akatoka bila kunywa maji, akaenda kwa Mzee Nsajigwa, akakaa huko saa nzima. Aliporudi akaliondoa kawa. Akakigusa chungu kwa kidole, na saruji yangu ikaachia. Akakaa chini, katikati ya vigae, akawa anapitisha kidole kwenye ule ukoko mweusi wa ndani. Uliungua wote, unapukutika. Nilimwomba anipigie kelele. Kweli nilimwomba. Nilisema Mama Gwamaka, nitukane basi.

Akasema hana hasira ya chungu kuvunjika. Vyungu huvunjika, mama yake amekula maisha yake yote kwa sababu vyungu vya watu huvunjika. Akasema yeye alinipa neno moja tu nimtunzie. Nikamwambia nilifanya kwa ajili ya macho yake. Akajibu kwamba anajua, na hilo ndilo linalomchosha.

Akakusanya vigae kwenye khanga, akafunga fundo, akapanda gari la jioni kurudi Lyulilo. Nilibeba kikapu chake mpaka barabarani. Aliniachia nikibebe, nikaona hiyo ni dalili njema. Kisha akakichukua na gari likaondoka.

Ijumaa, 16 Juni

Nimefungua leo. Ulezi wa Neli umekwisha, nimechachusha wangu kwenye sufuria la alumini kwa hamira ya dukani. Maji kwa kuni. Nimekohoa mpaka nimeona nyota, na nikapata picha ya miaka ishirini ya Neli akifanya kazi hii na mimi nikimweleza siri ya biashara.

Aliyekuja ni Mzee Nsajigwa peke yake, mkono kwenye bandeji, na mrija wa matete. Ule wa shaba hakuja nao. Nikamwomba radhi kwa mara ya nne. Akasema yamekwisha, akaomba tuonje. Alifyonza mara moja. Akatulia na kimpumu mdomoni, akatazama mahali chungu kilipokuwa. Akameza kwa adabu, akaweka mrija chini, akasema ndaga fijo, ameshiba.

Ningependa angetema.

Usiku nalala upande wangu wa kitanda. Upande wa Neli sijaugusa.

Jumapili, 18 Juni

Nimekwenda Lyulilo kwa baiskeli, Ipinda, Matema, mpaka njia inapoishia kwenye mchanga. Mlima upande mmoja, ziwa upande mwingine, na vyungu vimepangwa ufukweni vikingoja mitumbwi. Sijala tangu jana, nilitaka wanione nimekonda.

Mama mkwe alikuwa ndani, mimi nje, nimekaa nimeupa mlango mgongo, maana mkwe hatazamwi usoni. Yeye haoni, lakini heshima ni heshima. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yakanipotea yote. Nikasema tu nimekivunja, mama, nisamehe.

Kitu cha kwanza aliuliza hali ya mkono wa yule mzee. Cha pili akauliza hita ni kitu gani. Nikamweleza. Akaniuliza kama kweli nilitia moto ndani ya kimpumu na watu wakanywa. Nikasema kweli. Siku tatu? Siku tatu, mama. Kisha akacheka! Akacheka mpaka akakohoa, nikasikia Neli akimpiga mgongoni. Neli hakucheka.

Akasema atafinyanga kingine. Macho hayapo, lakini vidole vinakumbuka. Na mikono ya Neli itakuwa chini ya mikono yake, kwa sababu nguvu hana. Hicho ndicho cha mwisho kabisa, akasema, udongo huu sitaushika tena. Kikishafinyangwa kitakauka kivulini wiki tatu, taratibu, bila jua wala upepo. Kisha kichomwe. Kisha kipikiwe mara tatu za kumwaga ndipo kijue kazi yake.

Neli atakaa huko mpaka kiwe tayari. Alinisindikiza mpaka kwenye mawe ya ufukweni. Nikamuuliza kama atarudi kweli. Akasema atarudi na chungu. Bila chungu hana cha kurudia pale. Nimerudi nikitembea, nimeikokota baiskeli sehemu kubwa ya njia.

Jumamosi, 1 Julai

Nimekuja tena Lyulilo, nalala hukuhuku, kwenye kibanda cha nyavu. Wiki hizi mbili nimekuwa mtu mpya. Sijagusa waya hata mmoja. Hita nimeitupa chooni. Nimempasulia Mzee Nsajigwa kuni, na Mama Aliko nimemwambia asante, ikanitoka kwa tabu lakini ilitoka.

Chungu kimefinyangwa siku tano zilizopita. Nimekiona! Kiko kwenye kibanda cha nyuma, kimefunikwa majani ya mgomba, bado ni cha kijivu na kina ubaridi. Neli alinieleza walivyofanya. Mama yake alisimama nyuma yake, mikono juu ya mikono, wakazunguka chungu wote wawili kinyumenyume, mama anaimba anahesabu. Kwenye shingo kuna alama za kucha, mstari mmoja wa mama, mstari mmoja wa Neli. Alinionyesha kwa kidole bila kugusa. Alikuwa anatabasamu, si kwangu, lakini nilikuwepo.

Ametupikia wali na samaki. Amenitolea mwiba kwenye kipande changu. Nimemwambia nimekoma, mambo ya kisasa basi, kuanzia sasa nafuata neno lake. Akanishika mkono wa shati kidogo. Akasema zaidi ya wiki mbili bado, kisha kuchoma. Tuvumilie.

Zaidi ya wiki mbili! Nyumba ile haikaliki peke yangu. Lakini nimeapa, na safari hii naapa kwa moyo. Sitagusa kitu.

Jumapili, 2 Julai

Ipinda, saa mbili asubuhi. Naandika nimekaa kando ya barabara, nimeegemea baiskeli.

Sikuweza kulala. Nilikuwa nawaza, chungu kinakauka wiki tatu kwa nini? Kwa sababu ya kivuli. Kwa nini kivuli? Kwa sababu jua ni kali mno, linapasua. Kinachotakiwa basi ni ujoto mdogo, wa sawasawa, unaozunguka pande zote. Na hapo nikakumbuka Sabrina, yule binti aliyefungua saluni karibu na stendi mwezi uliopita. Ana mashine ya kukaushia nywele. Ni kofia kubwa, mtu anaingiza kichwa, hewa ya uvuguvugu inamzunguka, nusu saa yuko tayari. Nilimwona mwalimu mmoja ndani yake, nywele tele, hakupasuka popote. Chungu ni kichwa tu kikubwa kidogo!

Hii si hita. Hakuna maji, hakuna chuma chekundu, hakuna mtu wa kuumia. Nimelitazama jambo hili kila upande. Na Sabrina hafungi Jumapili.

Nilikitoa kulipokuwa kunaanza kupambazuka. Neli alikuwa amelala karibu na mama yake, mkono wa mama uko kichwani pake. Sikutaka kuwaamsha. Nimekifunga kwa blanketi langu, nikakilaza kwenye kiti cha nyuma, nikakizungushia mpira mara nne kisicheze. Kwenye mashimo ya kabla ya Ipinda kilicheza kidogo. Nimefungua sasa hivi kukiangalia. Upande mmoja umebonyea, nimeusukuma kwa ndani kwa kidole gumba ukarudi, karibu sawa. Pale shingoni mstari wa mama mkwe umefutika kipande, mpira umepita hapo. Wa Neli umebaki.

Sasa watakuwa wameamka. Neli ataenda nyuma kuyanyunyizia majani yake maji, kama anavyofanya kila asubuhi. Atashtuka kwanza. Lakini nikikirudisha jioni kikiwa kikavu kabisa, kesho wanachoma, na wiki hii hii mke wangu yuko nyumbani.

Nimekaza mpira mara mbili zaidi. Naendelea.